Mandari si anasa: wazazi na wapange pamoja na watoto wao

Kila shule zinapofungwa, miji yetu hushuhudia jambo ambalo halihitaji mtaalamu kulifafanua. Wazazi waliojinyima muhula mzima hukurupuka Jumapili moja asubuhi, wakawavisha watoto nguo za sikukuu, wakawapakia matatuni na kuwapeleka katika bustani ndogo ya burudani yenye bembea, farasi wa mbao wanaozunguka, vigari vya umeme vinavyogongana na nyumba ya mpira iliyojazwa upepo. Kufikia alasiri pesa zimekwisha, kitinda mimba analia, kifungua mimba amenuna, nyanya hana pa kuketi, na baba ameinamia simu yake. Jamaa nzima hurejea nyumbani ikiwa hoi, na wazazi wakaapa kwamba hawatarudia tena. Lawama hutupiwa bustani, watoto au ugumu wa maisha. Maoni yangu ni kwamba aghalabu kosa huwa limefanyika nyumbani, kabla mtu yeyote hajavaa viatu: siku hiyo haikupangwa, na kama ilipangwa, haikupangwa na wale ambao iliwahusu.

Nianze na neno, maana ndiyo kazi yangu. Kiswahili kina neno zuri linaloitwa mandari, yaani matembezi ya watu wanaotoka pamoja kwenda mahali pa kustarehe, mara nyingi wakiwa na chakula chao. Neno hili limekaribia kusahaulika, na wanafunzi wengi wakilisikia hulichanganya na mandhari, ambalo maana yake ni sura ya mahali jinsi inavyoonekana machoni. Tunao pia usemi wa kupunga upepo, ambao watu wa pwani hawajauacha. Lakini sikiliza mazungumzo ya leo katika mitaa ya Nairobi, Nakuru au Eldoret. Mtoto atasema kwamba Jumapili "alipelekwa auti". Sina ugomvi mkubwa na neno hilo la kukopa, kwa kuwa lugha zote hukopa. Kinachonishughulisha ni kitenzi chenyewe. Kupelekwa ni kutendwa. Mtoto anayepelekwa hana tofauti na mzigo, kwani mwenye kuamua ni mwingine, na yeye hungoja ashushwe. Walio katika mandari hawapelekwi. Wao hutoka, huenda na hurejea pamoja. Tofauti ya kauli ya kutenda na kauli ya kutendwa ni tofauti ya siku mbili zisizofanana hata kidogo.

Wapo watakaouliza kama inafaa kuyajadili haya wakati ambapo karo haijalipwa. Watanikumbusha kwamba wahenga walisema kazi mbaya si mchezo mwema. Methali hiyo ni ya kweli, ila ilisemwa kwa mtu mzima aliye na nguvu ambaye huacha jembe akaenda kucheza bao. Haikuwalenga watoto. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, uliopitishwa mwaka 1989 na kuidhinishwa na Kenya mwaka 1990, unatamka waziwazi katika kifungu cha 31 kwamba mtoto ana haki ya kupumzika, kucheza na kushiriki burudani zinazolingana na umri wake. Nayo Sheria yetu ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilipiga marufuku masomo ya ziada wakati wa likizo. Bila shaka walioiandika walitambua kwamba kichwa cha mtoto si debe la kushindiliwa mahindi mwaka mzima. Kwa hiyo tusiiite mandari anasa. Anasa ni kitu ambacho mtu akikikosa hapungukiwi na lolote. Mtoto aliyekosa kucheza na wazazi wake amepungukiwa.

Hata hivyo, haki isiyopangwa huishia kuwa hasara, na mahali pa kwanza pa kupanga ni mfukoni. Bustani nyingi ndogo hutoza ada kwa kila mchezo mmoja mmoja, na hapo ndipo mzazi huponzwa. Tuchukue mfano wa kufikirika wa jamaa ya watu sita: wazazi wawili, nyanya na watoto watatu. Tuseme nauli ni shilingi 100 kwa kila mtu, kwenda na vilevile kurudi, na kila mchezo ni shilingi 200. Nauli pekee ni shilingi 1,200. Kila mtoto akipanda mara nne, michezo itagharimu shilingi 2,400. Jumla ni shilingi 3,600 kabla mtu hajala wala kunywa. Sasa aongeze ile "mara moja tu" ambayo kila mtoto huiomba kwa machozi. Kila mara moja tu kwa watoto watatu ni shilingi 600, na zikifika tatu, zimekuwa shilingi 1,800, nazo zimeipita nauli ya jamaa nzima. Mzazi huyu hajaibiwa na mtu. Ameponzwa na kukosa kuhesabu.

Dawa yake si ukali wala vitisho. Katika jamii za Waislamu wa pwani kuna desturi ya mkono wa Idi, yaani pesa ambazo watoto hupewa siku ya sikukuu. Watoto hao hujazana penye bembea na wachuuzi, kama ilivyo katika uwanja wa Makadara mjini Mombasa, kila mmoja akiwa ameshika chake. Mwenye kuzimaliza pesa zake kwa aiskrimu hujua mwenyewe kwa nini hawezi kupanda bembea. Jamaa yoyote inaweza kuiga hekima hiyo, iwe ya Waislamu au la. Mpe kila mtoto shilingi zake 800 siku moja kabla, umwambie kwamba hazitaongezwa, kisha umwache achague. Utastaajabu kumwona yule yule aliyekuwa akilia mara ya kwanza sasa akilinganisha bei, akiuliza kama vigari vinachukua muda mrefu kuliko farasi, na hata akificha shilingi 100 arudi nazo nyumbani.

Jambo la pili ni watu. Mandari ya jamaa si ya watoto pekee. Ulizeni mapema kama kuna kivuli na viti vya wazee, kama vyoo vi karibu, na kama mtoto mwenye ulemavu anaweza kufika panapochezewa bila kubebwa kama gunia mbele za watu. Ikiwa hawezi, tafuteni mahali pengine. Haifai siku ya furaha ya jamaa iwe siku ya kumkumbusha mmoja wao kwamba hakutarajiwa. Muda nao ni muhimu. Anayefika asubuhi hukuta foleni fupi na jua la upole, na watoto wadogo hupata nafasi ya kucheza kabla hawajachoka. Chakula kibebwe kutoka nyumbani pale panaporuhusiwa. Chapati na chai ya chupa zimewashibisha Wakenya wengi kwa gharama ndogo, na watoto wacheze kwanza ndipo wale, kwani tumbo lililojaa halipatani na farasi wanaozunguka.

Jambo la tatu ni usalama, na hapa sina mzaha. Kabla ya kumkabidhi mtoto kwa mashine yoyote, mzazi asimame aitazame ikizunguka mara moja. Je, mikanda inafungika? Je, mhudumu anaangalia kimo na umri, au anaangalia pesa tu? Je, nyumba ya mpira imefungwa imara ardhini, au inayumba upepo unapovuma? Je, watoto wakubwa wanaruka pamoja na wadogo? Jibu likiwa baya, ondokeni, hata kama tikiti imekwisha kununuliwa. Tena, kila mtoto ajue mapema mahali pa kukutania akipotea, na ajue kwa moyo nambari ya simu ya mzazi wake. Mtu mzima mmoja awe zamu ya kuangalia watoto, na aliye zamu asiwe na simu mkononi.

Sasa nizungumze na walimu wenzangu, kwa sababu jambo hili linatuhusu kuliko tunavyodhani. Kila mwaka tunawapa wanafunzi insha kuhusu siku ambayo hawataisahau, na kila mwaka tunasahihisha insha ile ile. Jogoo huwika, mwandishi hurauka macheo, ndege hutumbuiza, mama huandaa staftahi, na kufikia hapo ukurasa umejaa ilhali hakuna lililotendeka. Tunawalaumu watoto kwa kukariri. Lakini mtoto ambaye hajawahi kutoka na wazazi wake akashuhudia lolote atakuwa na nini cha kusimulia ila maneno aliyoazima? Msamiati bila tajriba ni kama nguo zilizotundikwa kwenye kamba, zimepangika vizuri ila hazina mtu ndani yake.

Mazungumzo ya kupanga mandari ni darasa la sarufi ambalo mwalimu hawezi kuliiga ubaoni. Kupanga ni kusema yasiyokuwapo bado. Mtoto atalazimika kusema, "Tukiondoka saa mbili tutafika kabla ya jua kali." Dada yake atajibu, "Kama tungekuwa na mwavuli, tungeondoka hata saa tano." Wakisharejea, watajadiliana: "Tungaliwahi, tusingalipanga foleni." Hapo ki ya masharti, nge na ngali, ambazo wanafunzi wetu huzivuruga hadi kidato cha nne, zimetumika kwa haja na wala si kwa zoezi. Na jioni, kila mmoja atakapomhadithia jirani, atahitaji ile ka ya masimulizi: tukafika, tukapanga foleni, nyanya akakataa kupanda, kisha akapanda. Hivyo ndivyo lugha hujengeka kinywani mwa mtoto.

Wala faida haikomei katika Kiswahili. Mwalimu wa hisabati ana hesabu za nauli. Mwalimu wa sayansi anaweza kuuliza kwa nini mtoto aliyekaa ukingoni mwa kizunguko huona anakimbizwa kwa kasi kuliko aliye karibu na katikati. Mwalimu wa historia anaweza kueleza habari za mhandisi George Ferris, aliyejenga gurudumu kubwa la kwanza la aina yake katika maonyesho ya Chicago mwaka 1893, likiwa na kimo cha mita 80 hivi na vyumba 36 vya abiria. Mtaala wetu wa sasa unasisitiza mzazi ashiriki katika elimu ya mwanawe, na wazazi wengi wameuelewa ushiriki huo kuwa ni kukata makaratasi na kununua gundi usiku. Mandari iliyopangwa vyema ni ushiriki wa maana zaidi.

Lipo jambo moja ambalo mipango ya nyumbani haiwezi kulitatua. Ipo jamaa ambayo hata ikihesabu vipi, shilingi 3,600 hazitapatikana. Kwa jamaa hiyo, mandari inawezekana tu pale ambapo kuna bustani ya umma. Bustani ya Uhuru jijini Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1969, imekuwa kwa miongo mingi mahali ambapo mtoto wa mchuuzi aliweza kuketi nyasini, akatazama mashua na kula karanga bila kuulizwa tikiti. Mwaka 1989 ilinusurika kujengewa jumba la ghorofa 60, na ilinusurika kwa sababu Profesa Wangari Maathai hakukubali kunyamaza. Mwaka 2021 ilipofungwa kwa ukarabati, ikakaa muda mrefu bila umma kuingia, tulipaswa kujiuliza watoto wale walikwenda wapi siku za Jumapili. Miji yetu mingine ina viwanja vilivyonyakuliwa zamani, na penye bembea sasa pana vibanda na kuta. Kila uwanja unaonyakuliwa humwachia mtoto maskini barabara pekee ya kuchezea. Kwa hiyo mzazi anayepanga siku ya watoto wake leo ana wajibu pia wa kuuliza diwani wake uwanja wa mtaa uko wapi, na hati yake iko mikononi mwa nani.

Na tuanze na lililo katika uwezo wetu. Likizo ijayo, kabla ya kutaja bustani yoyote, mzazi aketi na watoto wake na karatasi moja. Juu yake waandike pesa zilizopo, watu watakaokwenda, saa ya kutoka na saa ya kurudi. Mtoto mkubwa aandike, mdogo apendekeze, nyanya asahihishe Kiswahili. Kama pesa hazitoshi, watoto waambiwe ukweli, nao watapendekeza penye gharama nafuu zaidi kuliko tunavyotarajia. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Tukimlea kwa kumpeleka tu, atakua akingoja kupelekwa. Tukimlea kwa kupanga naye, siku moja atatupangia sisi.