Ukichafua mto, umeuchafua mwili wako

Ukiugua hujiuliza umekula nini au nani kakuambukiza. Ni nadra kujiuliza hali ya mto, hewa na miti inayokuzunguka. Wahindu na Wabuddha wamelitafakari jambo hilo kwa karne nyingi, na wana la kutufunza.

Ayurveda, tiba asilia ya India, inafundisha kwamba mwili umeumbwa kwa vitu vitano: ardhi, maji, moto, hewa na anga. Vitu hivyo hivyo ndivyo vilivyoumba mto na msitu. Wabuddha nao wanaamini hakuna kinachoishi peke yake. Kila kimoja kinategemea kingine.

Nchini Thailand, tangu miaka ya 1980, watawa wa Kibuddha huizungushia miti mikubwa kitambaa cha rangi ya machungwa, kama vazi lao. Mti uliovishwa hivyo huhesabiwa mtakatifu, na mwenye shoka husita. Mwaka 1988 mafuriko na maporomoko ya udongo yaliua mamia ya watu kusini mwa nchi hiyo. Mwaka uliofuata serikali ilipiga marufuku uvunaji wa magogo katika misitu ya asili.

Utafiti nao unaonyesha miti ina faida kwa mgonjwa. Mwaka 1984, Roger Ulrich wa Marekani alieleza kuwa wagonjwa waliopasuliwa mfuko wa nyongo, ambao dirisha lao lilitazama miti, walitoka hospitali mapema na walihitaji dawa kali za maumivu kidogo kuliko waliotazama ukuta wa matofali.

Lakini imani bila vitendo haikingi maradhi. Wahindu huuita mto Ganges mama, ila kwa miaka mingi majitaka ya miji na viwanda yamemiminwa humo. Wanaooga na kunywa maji hayo wamo hatarini kupata kuhara na homa ya matumbo. Kuheshimiwa hakujausafisha mto huo.

Nasi tusiwacheke. Kila siku twasema kinga ni bora kuliko tiba, huku mitaro yetu imejaa taka na halmashauri zikitazama. Huhitaji kubadili dini ili ujirekebishe. Chemsha maji ya kunywa, usitupe taka mtoni, panda mti wa kivuli na uutunze, na mwulize diwani wako majitaka ya mtaa yanaishia wapi. Dawa ulizoandikiwa na daktari endelea kuzitumia. Miti na maji safi vitakupunguzia safari za kumfuata.