Somo la Neva Lifike Shambani

Mkulima huambiwa kwamba dawa ya kuulia wadudu ni sumu, lakini ni nadra kuelezwa jinsi inavyoua. Upungufu huo si mdogo, kwani kwa dawa nyingi njia imwuayo mdudu ndiyo iwezayo kumwua binadamu.

Seli ya neva ina kiwiliwili chenye kiini, vitawi vya kupokea habari, na uzi mrefu wa kuipeleka. Uzi utokao uti wa mgongo hadi wayoni waweza kufikia urefu wa mita 1. Ndani ya uzi huo habari husafiri kwa umeme. Hata hivyo uzi haugusani na msuli. Kati yao pana ufa mwembamba usioonekana kwa macho. Mwaka 1921, huko Graz, Austria, Otto Loewi aliichochea neva ya moyo wa chura hadi mapigo yakapungua. Alipoyatia maji ya moyo huo katika moyo wa chura mwingine, nao ukapunguza mapigo. Ikadhihirika kwamba ujumbe huvushwa kwa kemikali, iliyotambuliwa baadaye kuwa asetilikolini.

Ujumbe ukishafika hauna budi kufutwa. Kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya kiivunjacho asetilikolini mara moja. Dawa za jamii ya oganofosfeti hukizuia kimeng'enya hicho, na amri ikabaki bila kufutwa: mate na machozi humiminika, mboni za macho husinyaa, misuli hutetemeka kisha hulegea, na hatimaye pumzi hukatika. Sumu hiyo hupenya hata ngozi isiyo na jeraha.

Wako wasemao kwamba maelezo haya ni ya wanachuo, na mkulima atosheke na picha ya fuvu juu ya kopo. Hoja hiyo haina nguvu. Fuvu humwonya asinywe. Halimwelezi kwa nini shati lililolowa dawa livuliwe upesi na ngozi ioshwe kwa sabuni, wala kwa nini mpulizaji atokwaye na mate na jasho asilazwe kivulini bali akimbizwe hospitali, ambako atropini yaweza kumwokoa. Tena, dawa iliyomiminwa katika chupa ya soda haina hata fuvu hilo.

Yafaa basi mabwana na mabibi shamba walifundishe somo la neva kwa Kiswahili chepesi kabla ya msimu wa kupuliza. Ajuaye adui aingiapo ndiye awezaye kufunga mlango.