Harufu haitutishi watu wa Ombaci
Ndugu mwandishi, makala tamu, ila hapo uliposema Mganda hawezi kuzoea kimchi, ile kabichi ya Wakorea iliyochachushwa, kwa sababu ya harufu, nakataa. Sisi Walugbara wa Ombaci, karibu na Arua, tumekulia angara, yule samaki wa Ziwa Albert anayetiwa chumvi na kuanikwa, na basi zima la Arua linajua kama umembeba. Shemeji alinipeleka kwenye mgahawa wa Wakorea huko Kampala. Kimchi nilimaliza nikaongezewa bure, maana kwao vibakuli vya pembeni havilipiwi. Supu yao ya samaki mkavu ingeshuka vizuri sana na enyasa, ugali wetu wa muhogo. Kilichonishinda ni bei ya nyama, tena unajichomea mwenyewe mezani! Na wewe uliyeuliza kwenye maoni hapo juu kuhusu kula kwa vijiti, omba kijiko tu, Wakorea wenyewe wali wanaula kwa kijiko.