Kupasha vifaranga joto bila mbabula

Mvua imerudi, na usiku wa huku kwetu Bukavu una baridi. Wengi wetu tunafuga kuku ili mayai yasaidie kulipa minervali, na wengi tunapoteza vifaranga katika siku za kwanza. Tunasema ni ugonjwa. Mara nyingi ni baridi tu.

Kifaranga mchanga hana manyoya ya kweli, na mwili wake haujaweza kujitunzia joto. Akiwa na mama yake anaingia chini ya mabawa, basi. Wale tunaonunua sokoni hawana mama. Juma la kwanza wanahitaji joto la digrii 32 hadi 35, kisha tunapunguza kama digrii 3 kila juma.

Ndipo wengine wanaingiza mbabula katika chumba wanamolala watoto pamoja na vifaranga, wanafunga mlango na dirisha. Hapo tunasema wazi: tusifanye hivyo hata usiku mmoja. Makala, hata yakiwa mekundu bila moshi, hutoa hewa ya sumu iitwayo monoksidi ya kaboni. Haina harufu, haionekani. Inashika nafasi ya oksijeni katika damu. Mtu anaumwa kichwa, anasikia kizunguzungu, anataka kutapika. Aliyelala anaweza asiamke tena. Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi.

Sisi tunatumia bidoni ya mafuta ya litre 5, iliyooshwa vizuri. Tunachemsha maji nje au jikoni jioni, tunayaacha yapoe kidogo kwa sababu maji yanayotokota hulegeza bidoni, kisha tunajaza na kufunga kifuniko kwa nguvu. Mtu mzima ndiye anayemimina, watoto wakae mbali. Bidoni tunaifunga kwa kikwembe cha zamani mara mbili au tatu, na kuilaza upande mmoja wa kartoni, si katikati, ili kifaranga akisikia joto kali apate pa kukimbilia. Chini tunatandaza maranda makavu. Juu tunafunika na kitambaa chepesi, tukiacha nafasi ya hewa. Maji mengine ya moto tunayaweka kwenye termosi, maana katikati ya usiku lazima kubadilisha. Ni kazi, hatukatai, lakini mama mwenye mtoto wa kunyonya anaamka saa hiyo hata hivyo!

Kipima joto hatuna, vifaranga wenyewe wanatuambia. Wakirundikana juu ya bidoni na kulialia, wanasikia baridi. Wakikimbilia pembeni, midomo wazi, joto limezidi. Wakitawanyika wakila na kulala ovyo, ni sawa.

Wenye umeme wanauliza kuhusu ampuli. Ile ya zamani yenye uzi inatoa joto. Hizi mpya za kuokoa umeme zinatoa mwanga, joto karibu hakuna. Tena ampuli ikianguka juu ya maranda inaweza kuwasha nyumba, na umeme ukikatika saa sita ya usiku vifaranga wanabaki bila kitu. Hata mwenye ampuli aweke bidoni tayari.

Kuanzia juma la tano, manyoya yakishaota, tunajaribu kwanza usiku usio na mvua. Tukikuta asubuhi hawakurundikana, bidoni inarudi jikoni.