Itazame nguzo kwanza
Fundi bunduki wa Marekani anayefanyia kazi kwenye gereji ya nyumbani, akitaka mashine ya kuchonga chuma, huanza na bei. Mimi namsihi aitazame kwanza nguzo inayobeba kichwa cha mashine. Mashine nyingi za bei nafuu zina nguzo ya mviringo, na hapo ndipo penye balaa: ukishatoboa kwa keekee, ukalegeza kichwa ukipandishe ili uweke kifaa cha kukatia nyuzi, kichwa huzunguka kidogo na kitovu ulichokipima kwa uangalifu kimepotea. Kwenye tundu la skrubu ya kushikia darubini, tena juu ya bunduki ya mteja, kosa la unywele halifichiki. Kwenye nguzo ya reli bapa, kichwa hupanda wima bila kuhama. Bridgeport, iliyozaliwa Connecticut mwaka 1938, ingali mashine ninayoipenda kuliko zote, lakini uzito wake wa karibu kilo 900 unahitaji sakafu ya zege iliyo imara. Asiye na nafasi achukue ndogo, ila abakize fedha za kutosha kwa jiliwa, visu na saa ya kupimia, maana navyo si rahisi hata kidogo.