Magoti ya Wazee Yasipuuzwe

Wazee wengi wa visiwa vya Ziwa Viktoria wakilalamika viungo, huambiwa ni uzee tu, au wamerogwa. Sivyo. Gegedo linalofunika ncha za mifupa huchakaa, goti likavimba na kukakamaa. Mazoezi mepesi, kupunguza unene na dawa za maumivu huleta nafuu.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua kuwa mzee kila aliyetimiza miaka 60. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ipo Chato. Lakini asiyeweza kupanda mtumbwi ataifikiaje? Tunawataka viongozi wa afya wapeleke matabibu visiwani kwa zamu. Wazee hawa walivuta nyavu zilizotulisha. Heshima yao isiishie midomoni.