Baraza ya Mwezi: Mzee Anayetaka Kwenda Kucheza Dansi Melini



Katika barua tulizozipata mwezi huu imo moja iliyotushughulisha kuliko zote. Imeandikwa na ndugu wanne, wanaume wawili na wanawake wawili, baba mmoja mama mmoja, ambao asili yao ni pwani yetu hii na maskani yao kwa sasa ni Uingereza. Mama yao alifariki miaka mitano iliyopita, Mwenyezi Mungu amrehemu. Baba yao amevuka miaka sitini na tano, amestaafu, ana siha njema, naye akaa kwa mwanawe mkubwa. Sasa mzee huyu amewapa khabari iliyowatia fadhaa: ameandika kuomba nafasi katika meli kubwa za watalii, awe miongoni mwa wanaume wanaocheza dansi na wanawake waliosafiri peke yao. Dansi alijifunza ujanani, Mombasa, kabla hajaoa.

Wanetu hawa watuomba mambo mawili. La kwanza, tuwaeleze kazi hiyo ni kazi gani, kwani wao wameona haya hata kumwuliza. La pili, tuandike katika ukurasa huu kwamba ni haramu, ili waukate na kumwekea mzee mezani.

Tutawajibu yote mawili, lakini twawaomba wasichukue mkasi mpaka wamalize kusoma.

Kazi hiyo ipo kweli, wala si ya siri, wala siyo ile ambayo pengine imewapitia moyoni. Wenye meli huwaita watu hao wenyeji wa dansi. Kampuni ya Cunard, ambayo meli yake Queen Mary 2 yavuka baina ya Southampton na New York tangu mwaka 2004, ni moja katika makampuni yaliyojulikana kwa desturi hii. Meli ile ina urefu wa mita 345, na ndani yake mna ukumbi mkubwa wa dansi wenye bendi yake. Kuvuka huko huchukua kama siku 7. Lakini zipo safari za kuizunguka dunia zinazopita siku 100, na wanaokwenda safari ndefu namna hiyo wengi wao ni watu wazima waliokwisha acha kazi. Miongoni mwao wamo wanawake wengi waliofiwa na waume zao.

Dansi za kizungu za namna ile, waltz na foxtrot na tango na jamaa zake, huchezwa na watu wawili, mwanamume akiongoza na mwanamke akifuata. Asiye na mwenziwe hana la kufanya ila kukaa kitini atazame wengine. Na kwa kuwa wanawake duniani huishi, kwa wastani, kama miaka mitano zaidi ya wanaume, katika ukumbi wa wazee waliokaa vitini ni wanawake. Basi tangu miaka ya 1980 baadhi ya makampuni yakaona dawa yake ni kupakia wanaume wachache wanaojua kucheza, ili kila bibi apate zamu yake.

Atakiwaye huwa ni mtu mzima, tangu miaka arobaini na kitu hata sabini, asiye na mke: mseja, au aliyeachana, au mgane, yaani aliyefiwa na mkewe. Awe msafi, mwenye adabu na mazungumzo mazuri. Hujaribiwa dansi kabla ya kukubaliwa. Wengi ni wastaafu, walimu na maafisa wa jeshi na watu wa ofisini. Mkiisoma sifa hiyo upya, wanetu, mtaona kwamba baba yenu hakuota ndoto. Amesoma tangazo akajiona mwenyewe ndani yake.

Siku ambayo meli iko baharini kutwa, mwenyeji huanza na darasa la dansi, na wanafunzi wasio na wenzi hupewa yeye. Alasiri kuna chai na muziki, naye yupo. Usiku huvaa suti nyeusi na tai ya kipepeo, akala meza moja na abiria, akawasemesha wote pasi na kumsahau aliye kimya. Kisha huingia ukumbini mpaka karibu na usiku wa manane. Meli ikitia nanga, pengine huwasindikiza wanaoshuka kutembea mjini, na kuwahesabu wasije wakaachwa. Ni kazi ya miguu na ya subira.

Masharti yake ni makali. Haruhusiwi kumpendelea bibi mmoja. Akimaliza dansi na huyu humrejesha kitini, akamwendea wa pili, mzuri na asiye mzuri, ajuaye kucheza na amkanyagaye miguu. Haruhusiwi kuingia chumbani kwa abiria wala kumkaribisha abiria chumbani kwake. Akionekana ana mapenzi na abiria, huweza kushushwa bandari ya mbele. Tulipofika hapa tulitabasamu kidogo, kwani wenye meli hawa, ambao hawakupata kukaa mbele ya mwalimu wa fiq-hi, wameizuia faragha ya mwanamume na mwanamke ajnabia kwa sababu ile ile ya watu wote: wamejua yatakayofuata.

Ama ujira, kwa kawaida hakuna. Hupewa chumba, ambacho pengine ni cha watu wawili, na chakula, na mara nyingine nauli ya ndege, na fedha kidogo za kuwanunulia wageni vinywaji. Tena wako waliopata nafasi kwa mkono wa wakala, nao humlipa wakala huyo kitu kwa kila siku waliyokaa baharini. Kwa hiyo mwenye kudhani kwamba mzee anakwenda kuchuma mali amekosea. Apatacho ni safari ya bei nafuu, na watu wa kuzungumza nao.

Neno hilo la mwisho ndilo lililotukalisha.

Jambo hili halikuanzia melini. Katika Vita Kuu ya kwanza, ya 1914 hata 1918, Ujerumani ilipoteza askari wapatao milioni 2. Vita vilipokwisha, hoteli kubwa za Berlin zilikuwa na muziki na wanawake waliovaa vizuri, lakini wanaume wa kucheza nao walikuwa hawatoshi. Basi hoteli zikaajiri vijana wa kuwachezesha. Mmoja wao alikuwa mwandishi wa magazeti asiye na fedha, Billy Wilder, aliyefanya kazi hiyo mwaka 1926 katika hoteli iitwayo Eden, na mwaka uliofuata akayaeleza gazetini aliyoyaona. Baadaye alikwenda Marekani akawa mtengenezaji filamu mashuhuri. Na huko Marekani, miaka ile ile, mambo yalikuwa kinyume: zilikuwako kumbi ambazo wasichana ndio waliokodishwa, kwa senti kumi dansi moja. Mtaalamu mmoja, Paul Cressey, alizichungua kumbi za Chicago akatoa kitabu mwaka 1932, na miongoni mwa wateja aliowakuta wengi walikuwa vijana wa Kifilipino, watu wa ugenini wasio na dada wala mama wala mke katika mji ule.

Askari waliokufa, wahamiaji waliotengwa na jamaa zao, wajane wa leo katika meli: tazama popote ambapo mwenzi wa dansi hukodishwa, na nyuma yake utakuta watu walioondokewa na watu wao.

Sasa tuje kwenye ombi la pili. Hukumu haifichiki, wala hatutaifunika kwa kuwa mwulizwaji ni mzee. Mwanamume kumshika mkono na kiuno mwanamke asiyekuwa mkewe wala maharimu wake haijuzu, na mvi haziibadilishi hukumu hiyo kwa mtu mwenye afya na matamanio yake. Na kumnunulia mtu pombe, hata kwa fedha za meli, haijuzu vile vile. Kama mlitaka neno, ndilo hili, nasi tumelitia sahihi.

Lakini barua yenu ina kurasa nne, na hilo mliuliza katika ukurasa wa kwanza. Tumezisoma na tatu zilizobaki. Mwatueleza kwamba baba yenu hana analokosa. Ana chumba chake chenye joto, ana televisheni yake, chakula chamngojea katika friji, ni kukipasha moto tu. Mwana na mkewe hutoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wajukuu huenda shule, na nyumba hukusanyika tena saa kumi na mbili za jioni, kila mmoja na simu yake. Msikiti uko mbali, mabasi mawili kwenda na mawili kurudi, kwa hiyo huenda Ijumaa tu. Mwasema pia kwamba amekuwa akizungumza peke yake jikoni, nanyi mmeliandika hilo kama dalili ya uzee.

Sisi hatuoni kuwa ni uzee. Mtu aliyekaa na mke miaka thelathini na kitu amezoea kusema neno na neno lake likajibiwa.

Tena katika ukurasa wa tatu, kwa mistari miwili tu, mmetuambia kwamba miaka miwili iliyopita alikutajieni bibi mmoja mjane, mtu wa kwenu, akataka kumwoa, nanyi nyote wanne mkakataa kwa kuitukuza kumbukumbu ya mama yenu. Na mmoja wenu akamwambia kwamba mtu wa umri wake hufikiria kaburi. Aliyesema hivyo hamkumtaja, nasi hatutaki kumjua.

Wanetu, tazameni mpango wa mambo. Mzee alianza kwa halali. Alikuja kwenu, mlio wanawe, akakuelezeni waziwazi, na huenda alikuwa akitetemeka, kwa maana si rahisi baba kuwaomba watoto shauri la ndoa. Mkaufunga mlango ule. Akanyamaza miaka miwili. Kisha akaona tangazo la mahali ambapo watu wa umri wake hukaa meza moja wakasemeshana, na bibi akamshukuru kwa kumwinua kitini. Ndipo mkatuletea mlango huu wa pili tuufunge sisi. Tumeufunga, kwa sababu ni wajibu wetu. Lakini mlango wa kwanza haukuwa na haki ya kufungwa na mtu, na hilo tusingeliandika la pili bila ya kuliandika.

Mwanamume mtu mzima mwenye akili zake hahitaji idhini ya watoto katika nikahi. Kuoa kwa mgane si khiyana kwa marehemu. Mama yenu ana haki ya dua na sadaka kutoka kwenu, wala hana haki ya kuachiwa kiti kitupu karibu na mumewe hata afe. Ikiwa mioyoni mna neno la nyumba na mali, ambalo barua hazilitaji lakini sisi twalijua kwa kuzisoma nyingi, basi lisemwe. Mume akifa hali ana watoto, fungu la mke ni thumni, moja katika nane, baada ya madeni na wasia. Lakini sheria ya Uingereza humgawia vingine asiyeacha wasia. Kwa hiyo mzee aandike wasia wake mbele ya mwanasheria wa huko, na ndoa yenyewe iandikishwe serikalini, kwa sababu nikahi ya msikitini peke yake haimpi bibi huyo haki mbele ya mahakama zao. Mkilishughulikia jambo hilo kwa ajili yake mtakuwa mmemfaa kuliko kumkatia ukurasa wa gazeti.

Nawe, Bwana mzee, ukiwa nawe wausoma ukurasa huu, pokea salamu zetu. Hatukukuita mpumbavu, wala hatudhani kwamba ulitafuta uchafu. Bahari haikuharimishwa, wala safari, wala kuwasemesha wazee wenzio wa nchi yoyote kwa staha. Kama waipenda bahari, panda kama abiria, ukae utazame maji. Lakini ukumbi ule uwaachie wenyewe, na jambo lako la kwanza usilione limekufa kwa sababu wanao walilikataa siku moja mezani. Mara nyingine watoto hukataa kwa huzuni yao wenyewe, hawajui kwamba wanakataa.

Wanetu wanne, limebaki moja. Katika barua yenu hamkutuambia kama bibi yule ameolewa au bado. Tuandikieni kabla ya tarehe ishirini. Na kama mkasi umekwisha shikwa, basi ukurasa ukatwe mzima, mbele na nyuma, mzee ausome wote.